Fundi Aliyesingizia Vumbi

Hapa Nzuguni, Dodoma, nina sifa moja tu, nayo ni majina. Niulize nani alikuwa jirani wa nani kule kijijini kwetu kabla watu hawajahamia mjini, nitakutajia mpaka mbwa wao alivyoitwa. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini jina likiingia kichwani mwangu halina mlango wa kutokea. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Sasa nataka kumwandika mtu mmoja, na katika maneno yote haya jina lake hutaliona. Sijalisahau. Jina lake ndilo lilikuwa jina la nyumbani la baba mkwe wangu, na sisi tulilelewa kwamba mkamwana hataji jina la baba mkwe, awe hai au awe amelala. Kwa hiyo nitamwita Fundi, kama nilivyomwita miaka yote.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta tu ana kibanda karibu na soko, ameandika jina lake kwa rangi nyekundu juu ya mlango, herufi kubwa kama za basi. Hizo herufi zilinitesa. Mtu akiniuliza redio nimeitengeneza wapi, nasema, "Kwa yule fundi wa mlango wa bluu." "Fundi nani?" "Huyo huyo wa mlango wa bluu." Siku moja akaupaka mlango kijani, nikabaki sina njia ya kumwelekeza mtu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeshtukia. "Mama Ruti," akasema, "mwaka wa ngapi huu hujawahi kuniita jina? Nimekukosea?"

Nikamwambia ukweli. Akaweka bisibisi chini, akanyoosha mgongo, akawa mtu mkubwa ghafla. "Kumbe mimi ni mkweo. Sasa mbona hujaniamkia?"

Mimi namzidi umri kwa miaka isiyopungua kumi. Siku zote yeye ndiye alikuwa akinipa shikamoo. Kuanzia siku hiyo nikawa namwamkia mimi, naye anaitikia marahaba kwa sauti nzito aliyoitunza kwa kazi hiyo tu. Nikipita kibandani kwake huita mbele za watu, "Mkamwana, chai ya mkweo iko wapi?" Nami, mjinga, narudi nyumbani kuchemsha.

Alianza na redio, zikaja televisheni, zikaja kompyuta, na zote alizitibu kwa namna moja. Hakufungua kitu kabla hujamsimulia. Ukianza kumwambia, "Fundi, hii pasi imekatika waya wa ndani," anakunyamazisha kwa kiganja. "Ugonjwa niachie mimi. Wewe nisimulie siku. Uliamka, ukafanya nini?" Basi mtu mzima anasimama pale na pasi mkononi anasimulia alivyoamka, alivyochota maji, alivyogombana na shemeji yake, mpaka Fundi anasema, "Hapo, hapo kwa shemeji, pasi ilikuwa wapi?" Na kweli, ilikuwa imeanguka.

Skrubu alizipanga juu ya kifuniko cha ndoo kwa namna ile ile zilivyokaa kwenye mashine, kama watu waliopewa viti harusini. Vumbi alilipuliza kwa pampu ya baiskeli, na baiskeli hakuwa nayo. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja wa miwani na mmoja wa waya. Redio yake mwenyewe ilifungwa kwa mpira wa tairi, na haikusema mpaka ipigwe kofi ubavuni. Ukimcheka anasema, "Ya kwangu tumezoeana."

Lakini kitu kilichomfanya aogopwe ni ukweli. Kwaya yetu iliwahi kumpelekea spika iliyokufa. Mwalimu wa kwaya, Hezekia mtoto wa Anderea, akasimulia kwamba umeme ulikuja kwa nguvu. Fundi akafungua, akainamisha pua, akanusa. Wanakwaya kumi na tano wamesimama mlangoni. "Hii si umeme," akasema. "Hii ni soda ya machungwa." Hezekia Jumapili ile hakuimba, alisema ana mafua. Nilimwambia Fundi, "Ungemsitiri mwenzio." Akanijibu, "Mashine haisemi uongo, mkamwana. Nikisema uongo mimi niliyeifungua, watu watamwamini nani?" Hayo maneno nakuomba uyashike, maana nitayarudia.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa upande wa Ihumwa. Viwanja vilipimwa, mji ukatufuata mpaka makaburi yetu yakawa katikati ya njia. Tukatangaziwa kwamba yatahamishwa kabla ya mvua, kila kaburi lipewe kibao chenye jina, na lisilo na jina litaandikwa "hajulikani". Orodha ipelekwe imechapwa. Makaburi yetu hayana maandishi, yana mawe tu. Waliojua nani amelala wapi tulibaki watatu: mimi, Mzee Loti ambaye masikio yake yameziba, na Damari ambaye kila kaburi ukimuuliza ni la nani anajibu, "Damari."

Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, na niliipokea kwa majivuno. Mjukuu wangu Neema, mtoto wa Ruti, ana stesheneri katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Anachapa barua za watu, anatoa fotokopi. Tukakubaliana kila Jumamosi alasiri wateja wakipungua mimi nitaje, yeye achape. Neema akasema, "Bibi, tuandike kwanza kwenye daftari." Nikamwambia daftari ni la watu wanaosahau.

Niliyataja kwa kutembea. Nafumba macho, naingia kwa upande wa ua wa minyaa, nakwenda kaburi kwa kaburi: huyu ni Yona Chilewa, huyu ni mkewe Tabu, huyu ni Nehemia aliyeumwa na nyoka. Na kwa kuwa ni kazi ya heshima, sikutaka wazee watajwe mbele ya bati tupu. Nina kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, cheupe chenye maua, na nilikishonea bitana ya blanketi kisichakae. Kila Jumamosi kabla hatujaanza nilikitandaza juu ya lile kasha la kompyuta lililo pembeni ya kioo, ambalo wao wanaliita sipiyu, kikaning'inia mbele na nyuma vizuri. Chumba kikapendeza kama sebule ya mchungaji. Kazi ikiisha nakikunja.

Jumamosi ya kwanza, tulipofika marehemu wa ishirini, kompyuta ikazimika, ikajiwasha yenyewe, na kabla haijasema lolote ikazimika tena. Ilipokuja kutulia, Neema akafungua kile alichochapa akakuta alama kama nyayo za kuku. Jumamosi ya pili ikafanya hivyo hivyo. Katikati ya wiki, na barua za wanafunzi na kadi za harusi, haina neno. Jumamosi, tukianza wazee, inakufa.

Jirani yetu Mama Sechelela, ambaye hakosi panapozimika kitu, akasema akiwa mlangoni, "Mnajisumbua. Wazee hawataki kuhama."

"Acha hayo," nikamwambia.

"Basi niambie wewe. Kwa nini kadi ya harusi haiizimi?"

Nikamwita Fundi siku ile ile.

Alikuja na pampu yake. Akasema, "Nisimulie siku." Nikamsimulia: tumefagia, tumekaa, nimefumba macho, nimetaja. Kitambaa sikukitaja. Nani husimulia kitambaa? Tena nilikuwa nimekitoa haraka nilipomwona anavuka barabara, maana mikono yake siku zote ilikuwa na weusi wa mashine, na kile ni kitambaa cheupe. Akafungua kasha, akapuliza vumbi la kujaza kawa, akafunga, akamwambia Neema achape. Ikafanya kazi. Akaondoka.

Jumamosi iliyofuata ikafa.

Akaichukua kwenda nayo kibandani. Siku tatu iliimba nyimbo za kwaya mchana kutwa bila kukohoa. Akairudisha, ikafa. Akabadilisha kile kidude cha kuingizia umeme. Ikafa. Akatoa vile vibao vidogo vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha shule kama mtu anayefuta hesabu, akavirudisha. Ikafa. Na kila alipokuja kuijaribu, mimi mama mwenye nyumba safi nilitangulia kuondoa kitambaa changu.

"Kwako inaimba, kwangu inakufa," nikamwambia. "Labda unaibembeleza."

"Mashine haina kwao wala ugenini, mkamwana. Kuna kitu hamjanisimulia."

"Nimekusimulia mpaka ndoto zangu."

Jumamosi ya sita likatokea lililonitisha. Nilikuwa natembea makaburini, macho nimefumba, nimeshawapita wale kumi wa mwanzo, nikafika kwenye kaburi fupi, la mtoto wa Mwendwa. Nikasimama. Jina halikuja. Nililiona jiwe, nililiona shimo la sungura pembeni yake, jina halipo. Mlango ule niliokuwa nikisema haupo ulikuwa umefunguka, na sikujua ni wangapi walikuwa wamejipanga nyuma ya yule mtoto kutoka. Neema alingoja vidole vikiwa hewani. "Bibi?" Kabla sijajibu, kompyuta ikazimika, na nakiri nilishukuru.

Hofu ikanitoka kwa njia ya mdomo, kama kawaida yangu. Jumatatu nilimkuta Fundi sokoni, watu wamemzunguka, na badala ya shikamoo nikamwambia, "Fundi, wewe umezoea redio. Kompyuta imekuzidi." Watu wakacheka. Yeye akafuta miwani yake kwa shati. "Inawezekana, mkamwana," akasema. Ndani ya wiki ile nilisikia wanafunzi wawili wameanza kupeleka mashine zao kwa fundi mwingine. Mimi nilikuwa nahofia wafu wangu wataitwa "hajulikani", na katika hofu hiyo nilikuwa namharibia jina mtu aliye hai.

Jumamosi iliyofuata akaja hana pampu, hana bisibisi. Amevaa shati la kanisani. "Leo sigusi kitu," akasema. "Leo ni mgeni. Nitakaa kwenye hicho kiti. Fanyeni kama mnavyofanya siku zote, na msinione."

Nilimletea chai. Akakaa nayo pembeni, mikono safi, kucha amekata. Nikatazama mikono ile, nikaona leo hakuna hatari ya weusi. Nikaenda kabatini, nikatoa kitambaa changu, nikakitandaza juu ya kasha, nikavuta pembe zikae sawa, nikapapasa maua. Nilitegemea atakisifu. Alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hapo hapo, katikati ya meza na mdomo.

Nikafumba macho, nikaingia kwa minyaa. Yona Chilewa. Tabu. Nehemia. Nilipofika kama kwa kumi na nane, ikazimika.

Fundi aliinuka taratibu. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, kama mama anayepima homa ya mtoto, akakiacha pale kwa muda. Halafu akakiinua, akakikunja mara mbili, mara nne, bitana ndani, maua nje, akaniletea kwa mikono miwili. Kitambaa kilikuwa cha moto kama kilichotoka kupigwa pasi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimelifunika blanketi kasha linalohema, mchana wa kiangazi cha Dodoma, kisha nikauliza kwa nini linazimia. Wazee hawakukataa kuhama. Walikuwa wanafukuzwa na mfumaji.

Mama Sechelela alikuwa mlangoni, na nyuma yake wanawake wengine wawili waliokuja kuona wazee wakikataa. "Ni nini, Fundi?" akauliza.

Nikangoja. Nilimjua. Nilikuwa nimeiona ile soda ya machungwa. Nikajiona nami Jumapili nina mafua.

"Ni vumbi," akasema Fundi.

Neema akamtazama. "Lakini Fundi, vumbi si ulilitoa siku ya kwanza?"

"Sikulitoa vizuri."

Mama Sechelela akasonya, akawaambia wenzake kwamba siku hizi mafundi ni wa majina tu, wakaondoka. Yule mtu aliyesema mashine haisemi uongo alisema uongo mara mbili kwa kikombe kimoja cha chai, na wa pili aliusema dhidi yake mwenyewe. Alipokuwa akiaga, akainama kidogo upande wangu. "Mkamwana, hicho kipumzishe."

Nilitakiwa kusema palepale. Sikusema. Siku hiyo wala wiki iliyofuata. Mtu akiniuliza kompyuta ilikuwa na nini, nasema, "Vumbi, si unajua upepo wa huku," tena kwa uso wa mtaalamu. Nilifikia hatua ya kuwashauri wengine wapulizie mashine zao.

Orodha tukaiandika, kasha likiwa uchi, na safari hii daftari lilikuwepo. Mimi mwenyewe nililinunua. Jina la mtoto wa Mwendwa lilinirudia nikiwa nafua kile kitambaa. Yeremia. Nilimkuta Neema na wateja, nikamwita na mikono yenye povu, "Andika Yeremia, andika haraka." Wakatimia sitini na mmoja.

Neema akachapa karatasi, akaisoma. "Bibi, namba ishirini na saba umeiruka."

"Sijairuka. Hapo pana mtu."

"Nani?"

Hapo palikuwa na baba mkwe wangu. Mume wangu hayupo, ndugu zake hawapo, Loti hasikii, na Damari angesema Damari. Kanisani baba mkwe aliandikwa Stefano, na hilo halina mwiko, lakini Stefano alikuwa mtu wa Jumapili tu. Watu wa ukoo wakija kutoka Bahi wakamtafuta, watamtafuta kwa jina la nyumbani. Wakikuta Stefano, watapita. Na mimi, mwenye majina ya sitini, la sitini na moja lilikuwa mdomoni nikashindwa kulitoa. Hata kuliandika kwa kidole kwenye vumbi nilijaribu uani, mkono ukakataa.

Nikaichukua karatasi mpaka kwa mlango wa kijani. Nikamwamkia. Akaitikia kwa ile sauti, nikampa karatasi. Alisoma wote, polepole, kidole kikishuka, mpaka ishirini na saba. Kidole kikasimama.

"Hapa pana nani, mkamwana?"

"Hapo pana mtu."

Akaniangalia juu ya miwani yake ya waya. Hakuniambia nimsimulie siku. Akachukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, kama zile za juu ya mlango. "Mwambie Neema asikosee herufi," akasema. "Ni jina la mtu mzito."

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ni siku ya kuhamisha. Nilimwona kwa mbali, amekuja na fimbo, maana mguu ulikuwa umeanza kumsumbua, amekaa nyuma ya watu juu ya jiwe. Ofisa kijana alikuwa akisoma orodha. Kila akitaja jina, familia inaitikia "tupo", kijisanduku kinatolewa, kibao kinafuata. Yona Chilewa, tupo. Mtoto Yeremia, na wajukuu wa Mwendwa ambao hawakuwahi kumjua wakasema tupo. Akafika ishirini na saba, akalisoma kwa sauti, herufi zote ziko sawa.

"Tupo," nikasema.

"Naam," ikasema sauti nyuma, sauti ya mtu aliyekuwa amesinzia.

Watu wakageuka. Ofisa akaangalia karatasi, akamwangalia mzee wa fimbo. "Mzee, huyu si ndiye marehemu?"

"Marehemu ni huyo hapo," akasema Fundi. "Mimi nimeitikia kwa mazoea tu. Endelea na kazi, mwanangu."

Walicheka hata waliokuwa wakilia. Sanduku likawekwa mbele yangu, dogo, la mbao nyeupe. Nikafungua mfuko wangu, nikatoa kile kitambaa, nikakitandaza juu yake, nikavuta pembe zikae sawa.

Mama Sechelela alikuwa begani mwangu. "Kizuri. Ila mbona umekitia blanketi ndani?"

Fundi alikuwa ameshasogea, anasikia. Nilimwona anafungua mdomo, na nikajua anakwenda kunisitiri tena.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinaizima kompyuta," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nilikuwa naifunika. Vumbi halikuwepo. Fundi alilitoa lote siku ile ya kwanza."

Mama Sechelela akanitazama, akamtazama Fundi, akasogea kumpisha apite mbele. Nikainama nikitoe kitambaa, maana sasa niliona aibu kukiacha juu ya mtu.

Fundi akakigusa kwa ncha ya fimbo. "Kiache, mkamwana," akasema. "Huyu hapati joto."